Kava Iliyogoma Kukauka

Jua la Mbita halina mzaha. Paka rangi ya mafuta asubuhi, uianike juu ya mabati, na kufikia saa nane unaweza kuilalia na shati jeupe la kanisani. Kwa hivyo Maurice alipoigusa ile kava siku ya pili na kidole chake kikatoka cheusi, hakuogopa. Alimtukana muuza mafuta ya taa moyoni, kwamba ameyachanganya na maji tena. Kisha akainama akaangalia vizuri. Ziwa alilochora lilikuwa limekauka. Mbingu ilikuwa imekauka, na zile herufi nyekundu za kuchuruzika damu zilikuwa ngumu kama ukucha. Palipogoma kukauka ni machoni tu.

Maurice alikuwa mchoraji wa mabango. Kinyozi, bucha, posho mill, onyo la kutokojoa ukutani, yote ya Mbita yalikuwa mkono wake. Lakini mwaka ule gugumaji lilipoziba ghuba na biashara ya samaki ikalala, hakuna aliyetaka bango jipya, na kilichomlisha ni vitabu vya Risper.

Risper alikuwa amechoka kuuza dagaa wa omena. Alikwenda Kisumu akarudi na magunia ya vitabu vya mitumba, vile vyembamba vya Kizungu: vya majini, vya wachawi wenye panga, vya watu waliopanda chombo wakaenda nyota za mbali. Alivikodisha kwenye kibanda karibu na kivuko, na walimu, wauguzi na makarani wakavigombania. Shida ni kwamba nusu ya vitabu vilifika bila kava. Mtu huko ng'ambo alikuwa amezing'oa, na sababu yake hakuna aliyeijua.

"Kitabu uchi hakuna mtu anabeba," Risper alimwambia. "Nitakuambia story, wewe chora. Bandika na gundi ya unga."

Maurice alijifunza kutoka kwa kava chache zilizopona. Aliona wanawake wenye gauni jeupe wakikimbia nywele wazi, na nyuma yao jumba kubwa lenye giza, dirisha moja tu likiwaka taa. Daima dirisha moja. Alimuuliza Risper sababu, naye akasema pengine huko stima ni ghali. Aliona mikono ya kijani ikitoka kaburini, na vyombo vya fedha vikitua kwenye mchanga mwekundu. Akachora yote hayo, lakini akayachora kwao. Mwanamke wake alikimbia na leso kiunoni, jumba lake lilikuwa la mabati, na chombo chake cha nyota kilitua Rusinga mbele ya ng'ombe walioshangaa. Sura aliazima kwa watu anaowajua. Okemwa, mwenye bucha, alijikuta mchawi mkuu kwenye kava moja, akafurahi mno, akawa anawaonyesha wateja kabla ya kuwapimia nyama.

Ndipo kikaja kile kitabu.

"Hii iko na jini ya ziwa," Risper alisema akifungua kurasa. "Haina sura. Imeandikwa hivyo mara mingi, haina sura, haina jina. Inatembea tu kando ya maji ikitafuta."

"Sasa nichore nini?"

"Yawa, Maurice! Kava bila sura nani atabeba? Weka sura. Iwe ya huzuni kidogo, walimu wanapenda hiyo."

Sura ya huzuni aliyokuwa nayo Maurice ilikuwa moja, na alikuwa ameibeba muda mrefu. Willis, mdogo wake, alikwenda Muhuru Bay kuvua na mwenzake mmoja, na mtumbwi wao ukapatikana unaelea mtupu. Huo ulikuwa mwaka wa juzi. Hakuacha hata picha. Kitambulisho alikwenda nacho. Kwa Waluo, mtu akipotelea ziwani na mwili usionekane, huzikwa tunda la yago mahali pake, lile refu zito la mti wa mwegea. Hulazwa kaburini na kuliliwa kama mtu. Wazee walimwendea mama yao, Phelesia, kumwomba ruhusa ya kumzika Willis hivyo. Phelesia aliwafukuza na mwiko. Mwanangu hajafa, alisema, na hamtamzika mkiwa na haraka ya kula ng'ombe.

Kwa hivyo Maurice alikaa na rangi zake akamchora mdogo wake akitoka majini. Mwanzoni sura ilimkwepa, akaogopa kwamba ameisahau. Kisha mkono ukashika kasi wenyewe, ukachora kama unaosomewa, na alipoinuka alikuwa akilia, na alikuwa na furaha pia, na ile furaha haikumpendeza.

Mwalimu Wesley ndiye aliyekuwa wa kwanza kukikodi kitabu kile, macho ya kava yakiwa bado mabichi. Kesho yake saa nne ya chai alikirudisha kimefungwa gazeti.

"Risper, shika kitu yako."

"Mwalimu, umemaliza leo leo?"

"Sijasoma hata laini moja." Alishusha sauti, akaangalia kivukoni kana kwamba kuna anayemsikiliza. "Niliweka juu ya meza staffroom, nikawa namark. Nikasikia mtu anauliza swali. *Nyinga en ng'a?* Jina langu ni nani. Pole pole, kama mtu ako na maji kwa mdomo. Nikadhani ni mtoto wa class three dirishani. Niliangalia, hakuna. Nikageuka, hiyo sura ilikuwa inaniangalia."

"Sura ya kava lazima ikuangalie, Mwalimu."

"Nilikuwa nimeilaza kifudifudi."

Baada yake alikichukua muuguzi mmoja, akakitupa langoni mwa kibanda bila hata salamu. Okemwa, ambaye hasomi, alikiazima atazame uchoraji. Bucha yake ikanuka gugumaji lililooza hadi nyama ya asubuhi ikakosa mnunuzi. Risper hakungoja wa nne. Alikibeba kwa kibao cha kusukumia chapati, asikiguse, hadi bomani kwa Maurice.

"Hii si ya kwangu," alisema. "Wewe ndio ulichora."

Sasa nyumbani kwa Maurice kulikuwa na mtoto. Inafaa ijulikane jambo hili, maana bila hilo mengine yote ni upuzi wa vitabu. Leonida, mkewe, nyar Karungu, yaani binti wa Karungu, alikuwa amezaa mara mbili na kuzika mara mbili. Huyu wa tatu, mvulana, alikuwa amevuka mwezi wake wa kwanza akinyonya kwa nguvu, na wazazi wake walikuwa bado wanaogopa kufurahi kwa sauti. Jina la ukoo hakuwa nalo. Walikuwa wakingoja mmoja wa waliokufa amjie mtu ndotoni na kudai mtoto aitwe jina lake, kama desturi.

Maurice aliweka kitabu dirishani. Phelesia alipoingia kumbeba mjukuu, alikiona.

"Umechora nani?"

"Willis, Mama."

Mama yule alikisogelea akakitazama kwa muda mrefu, mikono nyuma. Maurice alitarajia machozi. Hayakuja.

"Huyu si Willis."

"Mama, najua unaumia..."

"Siumii. Nina macho. Willis alipasuka sikio ya kushoto na ndoano, mkiwa watoto. Wewe ndio ulirusha hiyo ndoano. Hii sikio ni mzima." Akamkumbatia mtoto kifuani, akarudi nyuma. "Sijui ni nani huyu. Ondoa kwa nyumba."

Watu walisema Phelesia ana ugonjwa wa kukataa. Maurice naye akajiambia hivyo hivyo, lakini lile sikio lilimchoma. Angesahauje? Alitoa brashi akachora ule mpasuko vizuri, kwa rangi nyeusi na wekundu kidogo. Asubuhi, kabla ya chai, sikio lilikuwa zima. Akachora tena, akakaa hapo hapo akilitazama. Leonida akamwita nje mara moja tu, na aliporudi rangi ilikuwa imejifunga kama ngozi iliyopona, na macho mabichi yalikuwa yanamtazama kwa subira. Hakumwambia mtu. Fundi haoni aibu kubwa kuliko kazi inayomkatalia.

Siku ile ile mtoto alikataa ziwa la mama.

Alilia adhuhuri, akalia jioni, akalia mpaka kilio kikapungua kikawa mkwaruzo tu. Leonida alimpeleka hospitali akarudi naye na maji ya chumvi na sukari na maneno ya kumtia moyo, kwa kuwa walimpima kila mahali wasione kitu. Nyumbani kila alipomlaza, shuka ililoa, na haukuwa mkojo, yalikuwa maji ya ziwa, baridi, yenye vijizizi vyeusi vya gugumaji. Alipoikamua na kuianika juani iliendelea kudondoka, na alipombeba mtoto mgongoni maji yale yalimfuata kwenye leso, yakamshuka mapajani mchana kweupe mbele ya majirani waliokuja kumpa pole na ambao sasa, mmoja mmoja, walikumbuka kazi walizoziacha kwao.

Wakamwita majina. Wanawake wa ukoo walikaa wakataja mababu wote, wa upande wa baba na wa mama, wakisikiliza baada ya kila jina kama mtoto atanyamaza. Hakunyamaza. Walipokwenda zao, Leonida alibaki na mtoto mapajani, na kutoka dirishani, jua likiwaka, kuku wakiparua nje, aliisikia ile sauti yenye maji mdomoni, haikumtisha wala kumbembeleza, iliuliza tu, kama mgeni aliyepotea njia anavyouliza, jina langu ni nani, jina langu ni nani, na mwili wake wote uliokuwa haujalala ukavunjika.

"Willis!" alipiga kelele. "Unaitwa Willis! Sasa niachie mtoto wangu!"

Mtoto akanyamaza. Akafungua mdomo, akatafuta ziwa, akanyonya.

Phelesia alikuja mbio kutoka nyumba yake. Alipoambiwa, alijishika kichwa. "Hiyo jina ina mwenyewe! Mtoto haitwi jina ya kuotwa na mwenyewe ako hai! Leonida, nyathina, mtoto wangu, umeita nini kwa nyumba yangu?"

"Mama, ananyonya," Leonida alisema, na machozi yalimdondokea mtoto usoni. "Angalia. Ananyonya."

Alinyonya mara moja ile tu. Jua lilipotua kilio kikarudi.

Wakati huo Maurice alikuwa ameshatafuta msaada hadi kwenye vilima vya Migori, na akarudi na mganga wa Kikuria aitwaye Nyarangi, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Hakuwa na Kiluo, nao hawakuwa na Kikuria, kwa hivyo walisemezana Kiswahili. Nyarangi alikitazama kitabu akiwa mlangoni. Akamtazama mtoto, akamgusa utosini, pale palipokuwa pamebonyea kama kijiko. Akamvuta Maurice na mkewe nje, kivulini mwa nyumba.

"Sikiza," alisema. "Mimi natibu kile naambiwa. Kama huyu ni mtu wenu, anataka kaburi na jina. Mpe, atatulia, na mtoto atapona. Kama si mtu wenu, usimpe kitu. Hata maji ya kunywa usimpe. Tutachoma hiyo picha na tutangoja achoke."

"Kungoja mpaka lini?" Leonida aliuliza.

"Mpaka achoke." Nyarangi hakumtazama. "Mtoto yako hana nguvu mingi ya kungoja, mama. Sitakudanganya." Akamgeukia Maurice. "Wewe ndio ulichora. Niambie mbele ya bibi yako. Hii sura ni ya ndugu yako?"

Maurice aliliona lile sikio. Aliliona likijifunga chini ya brashi yake. Alijua jibu, au alijua vya kutosha kunyamaza. Lakini ndani ya nyumba ule mkwaruzo ulikatika, ukakaa kimya kiasi kwamba Leonida alishika ukuta, kisha ukaanza tena, mdogo zaidi, na Leonida akamgeuzia mumewe macho ya mtu aliyeshazika mara mbili.

"Ni yeye," Maurice alisema. "Ni Willis."

Wakazika kesho yake. Wazee walileta tunda la yago, likabebwa na watu wawili kama maiti, na Nyarangi akaagiza kava ibanduliwe na kuviringishwa juu yake pale panapofaa kuwa kichwa. Phelesia hakuhudhuria. Alileta kigoda chake akakaa langoni, akiwapa mgongo waombolezaji, akiangalia barabara. Mtu mmoja alimwomba atupe udongo. Alijibu bila kugeuka kwamba yeye hazikii watu matunda.

Nyarangi alipoifungua kava aiviringishe, mikono yake ilisimama. Karatasi ilikuwa kavu. Palikuwa na ziwa, mbingu na herufi nyekundu, na katikati, pale palipokuwa na uso, karatasi ya manila tupu, safi kama ilivyotoka dukani.

"Ametoka," mzee mmoja alisema kwa furaha. "Amekubali!"

Nyarangi aliiviringisha kava kwenye tunda akaifunga kwa uzi. Alimaliza kazi haraka, akaukata uzi, akaita jina la Willis juu ya mtoto mara zilizotakiwa, akakusanya vitu vyake. Kuku aliyeahidiwa alimwacha amefungwa palepale. Maurice alimkimbilia naye hadi njiani.

"Mama, umesahau."

"Sijasahau," Nyarangi alisema, akaendelea kutembea.

Na mtoto akapona! Alinyonya asubuhi, akanyonya mchana. Shuka zikakauka, mashavu yakajaa, na Leonida akaanza kuimba tena akiosha vyombo. Majirani walirudi na midomo ya kuomba radhi. Wakamwita Min Willis, mama Willis, naye akaitika kwa kujivuna. Ikiwa mtoto alikuwa mtulivu kupita kiasi, na hakuwahi tena kulia kwa lolote, hata kwa sindano ya kliniki, nani angeenda kushtaki kwa jambo hilo? Maurice alichora bango la bure kwa ajili ya kanisa. Hakuchora tena kava, na Risper hakumwomba.

Wiki ile ya mvua za kwanza, adhuhuri, kelele za Phelesia zilisikika kutoka langoni. Maurice alikimbia akidhani ni nyoka. Leonida akamfuata, mtoto mgongoni.

Nje ya lango alisimama mtu mwembamba, kichwa kimenyolewa upara, shati si lake. Alikuwa na mfuko wa plastiki mkononi. Phelesia alikuwa amemshika uso kwa mikono miwili, akilia na kucheka, akimvuta ndani, na yule mtu alikuwa anacheka pia, kwa midomo iliyopasuka.

"Walitushika kwa maji ya upande ile ingine ya mpaka," alimwambia Maurice juu ya bega la mama yao. "Jela, omera. Mwenzangu alifia huko. Sikuwa na njia ya kutuma neno."

Sikio lake la kushoto lilikuwa limepasuka, pale pale ndoano ilipopita.

Maurice alitaka kumkumbatia. Badala yake aligeuza kichwa akatazama nyuma. Nyuma yake, ndani ya boma, kaburi lilikuwa bado jekundu, na mtu aliyezikwa kwa desturi haingii tena kwa lango la kwao. Willis aliona macho ya kaka yake, akaona ule udongo, na kicheko kikamwisha taratibu. Kisha akamwona Leonida, akajaribu kutabasamu tena.

"Shemeji, mmepata mtoto! Anaitwa nani?"

Leonida alilikaza fundo la leso.

Phelesia hakutaka kusikia kaburi wala desturi. Alikuwa amengoja, na alikuwa sahihi, na alitaka ijulikane mpaka ng'ambo ya maji. "Willis!" alimwita mwanawe kwa sauti yote aliyobaki nayo. "Willis, mwanangu!"

"Ee, Mama," alisema mtu wa langoni.

"Ee," ilisema sauti nyingine, pole pole, yenye maji mdomoni, kutoka mgongoni mwa Leonida.

Leonida hakupiga kelele. Alisimama wima kabisa. Maji yalianza kumshuka kwenye leso, yakatiririka kwenye mashavu ya miguu hadi chini, na harufu ya gugumaji ikawajia wote. "Maurice," alinong'ona, "nifungulie. Nifungulie leso. Mimi siwezi." Maurice alikwenda, akafungua fundo kwa vidole vilivyozoea kushika brashi tu, na mtoto akamwangukia mikononi, mzito, mwenye afya, akamtazama. Aliyajua macho yale. Aliyachora mwenyewe, siku nzima ya jua, na yalikuwa bado mabichi.

Aliinua mikono. Hata yeye hakujua anataka kufanya nini. Ziwa lilikuwa pale chini, hatua chache.

Ndipo mtoto akakunja uso, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akalia. Kilikuwa kilio cha mtoto wa kawaida mwenye njaa. Matiti ya Leonida yalikisikia kabla yake, yakaloanisha blauzi. Alimtazama shemeji yake langoni, akamtazama mumewe, akanyoosha mikono.

"Nipe," alisema.

Maurice akampa. Leonida akakaa chini palepale kwenye matope, akilia, akamnyonyesha.